Mbuzi wa Karanga

Jumanne, 9 Desemba. Jeddah

Shangazi amepotea. Jana Jumatatu, mahali fulani kati ya Riyadh na Jeddah.

Nilikuwa nachanganya chakula cha asubuhi. Shayiri, pumba, chumvi, maji ya uvuguvugu. Lori likaingia na farasi watatu. Mbuzi hakuna. Nikaingia ndani mwenyewe, nikapekua majani kwa mikono. Nimeikuta kengele yake tu, imening'inizwa kwenye msumari. Aliyeivua hakuwa na haraka.

Karanga, farasi wetu mdogo, alikataa kushuka. Alisimama mlangoni, shingo imegeuka nyuma, akaita. Akasikiliza. Akaita tena. Jasho mpaka tumboni, na hewa ya asubuhi ilikuwa baridi.

Nimemtafuta Haji, dereva. Ameteremsha farasi akaenda zake. Simu imezimwa. Nikamfuata Pieter, meneja wetu, Mholanzi anayeongea Kiarabu cha mazizini. Akasema mazizi ya mashindano hayapokei mnyama asiye na pasipoti. Nikamuuliza mbuzi yuko wapi basi. "Mafi mbuzi hapa. Halas." Yaani hakuna, basi. Akarudi kwenye kahawa yake.

Nilitaka nije na lori. Nilisema mapema. Pieter akasema mwanamke hawezi kulala kwenye lori, akanipakia kwenye ndege Jumapili pamoja na matandiko. Nilipanda ndege kama tandiko. Sasa ona.

Karanga amekula konzi mbili. Ndoo nzima imebaki.

Naogopa.

Jumanne, jioni

Niandike hesabu nitulie. Karanga ana sentimita 147 kutoka ardhini hadi mabegani. Zingepungua kidogo tu watu wangemwita mbwa. Kwa vitabu ni poni, farasi wa watoto. Kiunzi cha mashindano makubwa kina 160. Yaani kila kiunzi kinamzidi mgongo kwa sentimita 13, na anapita juu na mtu mgongoni. Farasi wanaoshindana naye wana 170 na zaidi. Wiki mbili zilizopita Riyadh aliwashinda wote. Wageni walisimama kwenye viti. Bosi alilia. Pieter alihojiwa na televisheni tatu. Mimi nilishika ndoo.

Na yote hayo anayafanya kwa sababu ya mbuzi. Hilo hawakulisema kwenye televisheni.

Karanga hali akiwa peke yake. Hajawahi. Alinunuliwa Al-Hamra, hapa hapa Jeddah, zawadi ya Joud, binti wa bosi, alipotimiza miaka kumi. Mimi nilikuwa mfanyakazi wa nyumba hiyo. Kupika, kufua, kupiga pasi. Poni alikaa uani siku kadhaa bila kugusa chakula, saisi aliyemleta akakata tamaa akaondoka. Kisha bosi akaleta mbuzi wa Idi, akafungwa kando ya poni akisubiri kuchinjwa. Asubuhi ya Idi poni alikuwa amemaliza ndoo, na amelala ameweka kichwa karibu na mbuzi. Joud akalia hadi bosi akaenda kununua mbuzi mwingine. Mimi ndiye niliyempa huyo wa kwanza jina. Shangazi, kwa vile anakaa pembeni akitafuna na kumhukumu kila mtu.

Baba yangu alikuwa saisi Gilgil, akitunza farasi wa wazungu wa polo. Nilijua farasi kabla ya kujua kupiga pasi. Nikaacha jikoni nikaingia zizini, nikasoma kozi kwa simu, nikafaulu. Hata leo ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, imeandikwa mfanyakazi wa nyumbani. Nimeomba ibadilishwe mara nne.

Bosi alipohamia Riyadh tulihama naye, kwa hiyo mashindano ya huko yalikuwa karibu na nyumbani. Karanga aliruka, akarudi kulala na Shangazi wake. Jeddah ndiyo safari ya kwanza ya mbali ya mashindano. Ilikuwa lazima mtu afikirie mbuzi atakavyosafiri. Nilifikiri. Sikuulizwa.

Jumatano, 10 Desemba

Hakula usiku. Maji nusu ndoo.

Nimejaribu ujinga. Nilivaa kengele ya Shangazi shingoni mwangu, nikainama kando ya ndoo nikaitikisa. Karanga aliinua kichwa haraka sana. Masikio mbele. Akanitazama. Kisha akageukia ukuta. Sirudii tena. Heri angenipiga teke.

Jumatano, mchana

Ilianza baada ya adhuhuri. Anaparapara chini kwa mguu. Anageuka kutazama ubavu. Analala, anaamka, analala. Ninajua hiyo ni nini. Farasi akikosa kula na kunywa, tumbo lake husimama, na likijisokota amekufa. Baba alizika watatu. Alikuwa anarudi nyumbani hataki kuongea.

Nilikimbia kumwita daktari wa farasi wa mashindano. Mama mmoja Mjordani, mpole, mikono mikavu. Aliweka sikio, akasikiliza pande zote mbili. Akasema tumbo bado linaunguruma, ni jambo dogo, atembezwe. Dawa ipo, lakini akipewa ataondolewa kwenye mashindano ya Ijumaa. Pieter akaruka. Hakuna dawa. Atembezwe.

Nikamtembeza. Mizunguko mingapi sijui, na mimi hesabu hainipotei hivi hivi. Nilikuwa nasikiliza tumbo lake tu.

Joud akaja na buti zake. Siku hizi ana miaka kumi na tisa, yeye ndiye anayempanda, na ni mfupi kama farasi wake. Alimshika Karanga masikio. Hayana joto. Akaniuliza, "Njeri, niambie ukweli."

Nikamwambia. Akarudi kwa Pieter akasema, asipokula hadi kesho magharibi, anajiondoa. Pieter akasema bosi atakuja kutoka Riyadh na wageni wake wote wa ofisi ya Olaya, amewanunulia viti. Joud akasema basi watakalia viti.

Nilimpenda mtoto huyo leo. Lakini najua akijiondoa, lawama itatafuta mtu wa chini, na chini kabisa ni mimi. Kafili wangu, mwenye kushika kibali changu, ni baba yake.

Jumatano, jioni

Haji amerudi. Upara unang'aa. Alikwenda Makka kufanya Umra! Amefikisha farasi, akaona yuko karibu, akavaa ihramu akazima simu. Mtu ametoka kwenye nyumba ya Mungu wake, amenyolewa, ana amani usoni, utamgombeza vipi? Nilijaribu.

"Dada yangu, usinipigie kelele, miye sasa hivi sina dhambi hata moja, usiniharibie."

"Mbuzi yuko wapi, Haji?"

"Yupo salama salimini. Pieter kanipigia simu njiani, kasema asiingie naye mtu getini. Sasa miye nimtupe? Nikamwacha istiraha, nyumba ya mapumziko, njia ya Usfan, kwa Makame. Mlinzi pale. Mtu wa kwetu Unguja, mtu wa dini. Kengele nikaivua isije ikaibiwa."

Nilishukuru. Kweli nilishukuru. Nikampa hadi chai.

Kisha nikampigia Mwanajuma. Tulifanya kazi pamoja Al-Hamra, yeye bado yuko huko, mtu wa Kwale. Nikamweleza nikicheka ati Shangazi yuko mapumzikoni. Hakucheka.

"Istiraha? Shoga, leo Jumatano. Kesho wenyewe wanakuja kuota moto na kula. Umeona wapi mbuzi akapelekwa istiraha kupumzika?"

Nilikaa chini, kwenye majani.

Ni kweli. Miaka yote hii hapa, na sikufikiria. Watu wakikodi istiraha kwa wikendi, mbuzi hutangulia. Hufungwa pale, akingoja wageni. Mlinzi haulizi. Hakuna sababu ya kuuliza. Mbuzi aliyefungwa istiraha ana maana moja tu.

Haji alipoelewa alishika upara wake kwa mikono miwili. Anampigia Makame. Makame hapokei.

Alhamisi, 11 Desemba

Haji aliazima pikapu ya wasafishaji. Tumeondoka baada ya kuwapa farasi maji. Sikumuaga Pieter. Nikifukuzwa, nifukuzwe kwa kutoroka tu, si kwa kutoroka na kukaidi.

Njiani Haji alisoma dua, mimi nikaomba zangu.  Nilikuwa nikihesabu magari yanayoelekea upande wetu yenye mizigo ya kuni.

Istiraha ni ukuta mweupe, lango la bati, mitende mitano, bwawa dogo la kuogelea. Kulikuwa na harufu ya moshi wa jana. Nikaona jivu. Sufuria kubwa imeegemezwa ukutani, imesuguliwa. Na kwenye kamba, kando ya mataulo ya bwawa, ngozi ya mbuzi.

Nyeupe.

 Shangazi ni mweupe. Nilisimama langoni sikuweza kwenda mbele wala kurudi, na kichwani nilikuwa namwona Karanga ameangalia ukuta. Haji akaniambia, "Kaa hapa, dada, miye ntatazama." Nikasema hapana. Nilikwenda mwenyewe. Nikaikunjua ngozi kwa mikono yangu.

Shangazi ana doa jeusi sikio la kushoto mpaka shingoni, kama wino umemwagika. Ngozi hii haikuwa na doa. Nilitafuta pande zote. Haikuwa na doa. Nikaishikilia tu, nalia juu ya mbuzi wa watu.

Makame akatoka chumbani kwake, kanzu imepinda. Akaeleza kwa pole. Wageni walikuja mapema, jana. Walikuta mbuzi wawili wamefungwa, wa kwao na wetu. Mpishi akamchukua wa kwanza aliyemfikia. Shangazi alikuwa amefungwa upande wa pili wa mtende. Basi. Mtende mmoja.

"Na huyu wetu?"

"Mwenye istiraha kapita na watoto wake. Watoto wamempenda. Wamempakia garini. Kampeleka kwake Al-Hamra."

"Nyumba gani?"

Hajui. Yeye hulipwa hapa, hajawahi kupelekwa kule. Na kumpigia bosi wake hataki. Atamwambia nini, kwamba alipokea mbuzi wa watu bila ruhusa? Alinitazama kwa macho ya mtu anayeogopa kama mimi. Sikumlazimisha. Ningekuwa yeye nisingepiga.

Al-Hamra ni majumba na kuta. Huwezi kugonga kila lango ukiuliza mbuzi. Lakini nyuma ya kila ukuta kuna mwanamke wetu anayefua.

Nikarekodi sauti nikamtumia Mwanajuma, aitume kwenye kikundi cha Wasap cha wanawake wa Al-Hamra. Mbuzi jike, mweupe, doa jeusi sikio la kushoto, ameletwa jana na watoto. Amekaa kama anayewadharau. Tafadhali, kina mama, ni jambo la uhai.

Wueh. Majibu yalianza kabla hatujafika barabara kuu. Mmoja alisema kwao kuna mbuzi lakini ni wa plastiki. Mwingine akauliza kama mbuzi mwenyewe ana ikama. Mwingine akasema mwache mbuzi apate kazi, sisi wenyewe tunatafuta uhamisho. Nilicheka huku machozi yanatoka. Haji akadhani nimechanganyikiwa.

Kisha ikaja sauti ya mtu nisiyemjua, anaitwa Nafula, anaongea kwa kunong'ona: "Mami, huyo ni wetu. Ako hapa kwa kibaraza. Amekula mawaridi ya madam yote, sai anaangalia mapazia. Kuja haraka kabla madam aamke."

Nilimpigia Joud. Nilijua mimi na Haji tukisimama langoni tutaitwa wezi. Joud alikuja na gari lake, bado na suruali ya kupandia farasi, akaingia akaongea na madam wa nyumba. Sisi tulibaki nje kwenye pikapu. Nilisikia watoto wakilia. Watoto wawili, wasichana. Nilijisikia vibaya, lakini si sana.

Joud alitoka na kamba mkononi na Shangazi nyuma yake, petali za waridi mdomoni. Amewaahidi watoto kesho watakaa mbele kabisa na watamshika Karanga pua. Madam alisema mchukueni, bustani yangu halas.

Nafula alinipungia mkono kutoka dirisha la jikoni. Sikuuona uso wake vizuri.

Alhamisi, magharibi

Getini wakasema kile kile. Mbuzi hana pasipoti. Magharibi ilikuwa imekaribia, na Joud ni mtu wa neno lake.

Yule daktari Mjordani alipita akaona pikapu. Akamkagua Shangazi pale pale, meno, macho, kwato, akaangalia joto lake. Akatoa karatasi moja kwenye mkoba, akaijaza, akatia sahihi, na getini wakakubali. Akasema farasi wengi husafiri na wenzao, mtu hujaza karatasi hii wiki moja kabla, si jambo kubwa. Meneja wenu hakujaza?

Nilimtazama Pieter, aliyekuwa ametoka getini kutuona. Alikuwa anasoma simu.

Karatasi moja. Aliona aibu kuomba ruhusa ya mbuzi mbele ya wazungu wenzake. Nimekunjua ngozi ya mbuzi mwingine kwa sababu ya aibu yake.

Nimemvalisha Shangazi kengele. Karanga aliisikia kabla hatujafika kwenye kona. Sauti aliyotoa sijawahi kuisikia kwa farasi, nyembamba, kama mlango usiotiwa mafuta. Shangazi aliingia bandani, akamnusa goti, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo akaanza kula chakula chake. Karanga akasukuma kichwa kando yake.

Wamemaliza. Nimejaza tena. Wamemaliza.

Bado naogopa. Amekonda, mbavu zinagusika. Kesho viunzi vya 160.

Ijumaa, 12 Desemba

Siwezi kuandika vizuri. 

Asubuhi daktari alisema moyo sawa, tumbo sawa, uamuzi ni wa mpandaji. Joud akaniuliza tena kwa macho. Nikasema anaweza, lakini akikataa kiunzi kimoja tu, umshushe, usimpige. Akasema hajawahi kumpiga. Kweli.

Nilimwongoza hadi langoni mwa uwanja. Taa, muziki, watu. Bosi juu na wageni wake. Wale wasichana wawili chini, wameshika chuma cha uzio. Karanga aliingia katikati ya wale farasi wakubwa, watu wakacheka kidogo kama kawaida. Nimezoea. Leo kicheko kilinichoma.

Mahali pabaya palikuwa kiunzi cha tano hadi cha sita. Nafasi ile imepimwa kwa miguu mirefu. Farasi wengine hupiga hatua sita. Karanga hupiga saba, lazima, na ya saba haina pa kukaa. Mwenye nguvu anaibana. Mwenye njaa ya siku mbili sijui. Nilifumba macho kwenye ya nne. Nilihesabu kwa masikio. Tano, sita, saba. Kimya. Katika kimya hicho niliona ngozi kwenye kamba. Kisha kwato zikagusa mchanga, na hakuna mti wa kiunzi uliodondoka.

Nikafumbua. Alikuwa mbele ya ukuta mwekundu. Mkubwa kuliko yeye. Alijikunja miguu yote minne kama paka akapita.

Hakuangusha kitu. Farasi 38, tisa tu ndio hawakuangusha. Wakarudi kushindania muda. Kwenye mbio za muda, ufupi wake ni faida, anageuka ndani ya nafasi ambayo wengine wanahitaji uwanja mzima. Joud aligeuza baada ya ukuta hadi goti lake karibu liguse mchanga. Nilipiga kelele. Sijui nilipiga lugha gani.

Wa pili. Aliyewashinda ana sentimita 176.

Nilipomtoa tandiko tuliegemeana. Sikufurahi. Watu walifurahi. Mimi nilikuwa nasikiliza tumbo. Halafu wale wasichana walikuja wakamshika pua, mdogo akauliza mbuzi yuko wapi, na hapo ndipo nikaanza kulia.

Picha ilipigwa. Bosi, Joud, Pieter, Karanga. Pieter amesimama mahali pa mbuzi.

Jumamosi, 13 Desemba

Kumetulia. Karanga amelala chini, Shangazi amelala karibu na mgongo wake, kengele inagonga kila akitafuna. Miguu ya Karanga haina joto. Nimeipima mara tatu kwa mgongo wa mkono.

Haji amenunua tende, amemwekea Shangazi moja. Kamwomba radhi kwa heshima zote. Mbuzi akala na kugeuka.

Pieter amebandika orodha ya safari ya kurudi Riyadh. Kesho, baada ya asri. Farasi watatu. Matandiko na Njeri, ndege. Mbuzi hajaandikwa. Nilimuuliza. Akasema ataona.

Nimekaa na hilo "ataona" tangu asubuhi. Limenitia hofu kuliko ukuta mwekundu. Ikama yangu iko mikononi mwa bosi, nalijua hilo, nimelifikiria pande zote. Nyumbani Gilgil wananitegemea watu watano. Lakini sitaingia tena istiraha kukunjua ngozi.

Nimeandika, nimefuta, nimeandika. Nimemtumia bosi mwenyewe, sikupitia kwa mtu. Nanakili hapa:

"Salaam bosi. Mimi Njeri wa Karanga. Naomba jibu la jambo moja. Kesho Shangazi anapanda lori, na mimi nyuma pamoja naye, ama hapandi? Akipanda, nafunga majani leo. Asipopanda, mimi pia sipandi ndege, na Karanga simtoi bandani. Usimwachie Pieter anijibu. Nijibu wewe, ndiyo ama hapana, kabla ya adhana ya adhuhuri ya leo."